Jina Linalomnyamazisha Mtoto wa Dada

(Aliyetuandikia ameomba asitajwe, yeye wala jamaa zake. Tumemheshimu. Msomeni kwa upole.)

Wasomaji wa ukurasa huu, salamu kwenu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa Jinja. Si msemaji. Hata darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini linakwama kooni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza nakiona cha mtihani, na Kisoga dada angekisoma akipita nyuma yangu. Kiswahili anakisema sokoni tu, kukisoma hana subira.

Naishi kwa huyo dada, upande wa Kimaka. Mume wake ni askari, lakini jeshi linapunguza watu na yeye yumo. Basi mipango ya nyumbani ni Mbale tu. Krismasi wanahamia kwa mama yake, wajenge uani kwake, dada aweke cherehani mjini, mtoto abatizwe na apewe jina la ukoo. Mabati ya nyumba tayari yameegemezwa nyuma ya jiko. Mchana jua likiyapiga yanalia tak, tak, kama mtu anayebisha hodi, na dada anacheka kwamba nyumba ina haraka kuliko wenyewe.

Shida ni mtoto. Ni wa kiume, bado hajakaa, na analia. Halii kama watoto wengine, analia kama mtu anayegombana. Zahanati wamempima, hawaoni ugonjwa, lakini anakonda. Ziwa analishika kidogo, analiachia, anaanza tena.

Kwa watu wa shemeji, Wagisu, mtoto akilia hivyo wanasema kuna marehemu anayetaka jina. Wazee wanataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Au marehemu anakuja mwenyewe katika ndoto ya mtu wa nyumbani. Aliye hai haji.

Pasaka tulimpeleka Mbale. Mama yake shemeji, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani bibi, alimpakata akaanza kutaja. Mtoto akalia kwa kila jina. Kukhu akamtania, akamwambia hata yule babu mlevi nimekupa na bado unaringa? Watu wakacheka. Alipofika mwisho akasema, “Wamekwisha.” Shemeji alikuwa anatazama chini.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Shemeji ana kaka yake, naye askari. Alipelekwa kaskazini na kikosi chake, na tangu hapo hakuna habari. Wakubwa wake walisema tu kwamba hajulikani alipo. Kukhu anasema mtu asiyezikwa hajafa. Kibanda chake anakifagia kila asubuhi, na chakula kikipakuliwa sahani yake ipo. Mimi nilimfahamu. Aliwahi kukaa kwetu kabla ya kwenda huko, na kwa sababu ya ukimya wangu akanibandika cheo, akaniita Afande Kimya. Alikuwa akipita ananipigia saluti na mimi nakimbilia jikoni kwa aibu.

Siku moja baada ya Pasaka, mchana, nilimlaza mtoto mkekani nami nikasinzia pembeni yake. Nikamwona yule kaka wa shemeji amesimama mlangoni. Hakupiga saluti. Buti zake hazikuwa na kamba. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, akasema, “Afande Kimya, sema basi.”

Niliamka mtoto analia. Sikufikiri. Nilimnong'oneza mtoto jina la huyo kaka sikioni. Akanyamaza papo hapo, akageuza macho mlangoni, akatabasamu.

Tangu siku ile namnong'oneza. Ananyonya, analala. Dada anasema nina mkono wa kubembeleza, na akiniuliza namfanyia nini najibu namwimbia. Lakini nikiwa shuleni analia mpaka nirudi, na mbavu zake bado mnaweza kuziona.

Nikaona nimwambie shemeji. Nilimkuta nje anapaka viatu rangi. Nikamwambia nimeota. Sikuwa nimetaja mtu. Akaacha brashi, akaniuliza polepole, “Buti zake zilikuwa na kamba?”

Nikatikisa kichwa kukataa.

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Kisha akasema, “Kwangu pia anakuja. Mama usimwambie. Sisi siyo watu wa kumzika.”

Ndiyo maana nimewaandikia. Krismasi ukoo wote utakuwepo. Kukhu amemtumia dada ujumbe kwamba atataja majina upya mbele ya watu, na kila mtu wa nyumbani ataulizwa kama ameota. Dada anataka nimshike mtoto mimi, kwa kuwa mimi ndiye anayenisikia. Shemeji hanitazami usoni tena. Na ninajua Kukhu atafika kwa babu wa mwisho, mtoto atakuwa bado analia mikononi mwangu, halafu wote watanigeukia.

Nikilisema, mtoto anapona, na mama wa watu anafiwa hapo hapo mbele ya sahani aliyompakulia mwanawe. Nikinyamaza, sahani inabaki, na mtoto anazidi kukonda katika nyumba mpya, karibu na kibanda kile kinachofagiwa.

Mabati yanabisha huko nyuma ninapoandika haya, na leo hakuna jua. Wakubwa zangu, mama zangu, mliowahi kuzika na mnaosubiri bado, niambieni: niseme, au niendelee kuwa Afande Kimya?