Siafu Kwenye Meli ya Baba

Juzi siafu walipanda kamba yangu ya nguo, nikamkumbuka baba, mchongaji wa Kanyangi ambaye hakuwahi kuona bahari. Alasiri moja, nikiwa mtoto, mteja alikuwa njiani kuchukua meli ya vita ya mti, ndogo kama kuku, kazi ya miezi mitatu. Mimi nilipaka nta nyuzi za kushikilia milingoti. Nilichagua nta yenye asali, iliyonukia moshi, ili nilambe vidole.

Punde nyuzi zikajaa siafu. Nilidhani kila meli hupata watu wake hivyo.

"Baba, mabaharia wamefika!"

"Ngai! Mabaharia gani?"

Mteja alikuwa ameshaingia na kuiinua meli.

"Mzee, hii kitu inauma!"

"Pole," baba akasema, bila kupepesa macho. "Si uliagiza ya vita?"

Mteja alicheka mpaka akaketi, kisha akaichukua pamoja na jeshi lake.