Redio Niliyomchagulia Gogo

Gogo, nyanya yangu, aliniomba tochi. Kosa langu la kwanza ni hilo: sikumnunulia tochi. Mengine yote yalitoka hapo, na kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba sikutunga hata neno moja. Mkono wangu wa kushoto umepinda chini ya kiwiko, na wote wanaonijua wanajua ulikuwa umenyooka.

Sikusomea vifaa vya umeme. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu na kutazama video mpaka macho yaniume. Sasa nina kibanda mjini Kericho, natengeneza simu na kuuza spika, redio na chaja. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikishakaza skrubu, narudi kuikaza. Krismasi inapokaribia ugonjwa huo unazidi, maana watu huja kuniuliza: nimpelekee mzee nini? Nimnunulie mama nini? Nawachagulia kana kwamba siku ya hukumu nitaulizwa juu ya zawadi hizo.

Kwa hiyo Gogo, aliyenilea huko juu ya Kedowa, aliponiambia kwa simu, "Niletee tochi tu, ile yenye mwanga mkali," niliona aibu. Tochi? Mjukuu mwenye duka aende na tochi?

Nikamchagulia redio. Usifikiri nilichukua tu iliyokuwa mbele. Nilizijaribu zote, nikatafuta yenye vitufe vikubwa, kwa sababu vidole vya Gogo vimekakamaa kwa kuchuma majani chai. Nikatafuta inayochaji kwa jua, yenye sauti safi, isiyokwaruza. Nikaipata. Lakini kwangu bado haikuwa imekamilika. Nilitaka ikiwashwa tu imsalimie. Redio ile ikiwa na kadi ya memori huanza kwa kucheza rekodi ya kwanza, basi nikaamua rekodi hiyo iwe sauti yangu, nikimtaja marehemu babu: "Arap Mosonik, karibu nyumbani."

Kwa nini babu? Alikufa kabla sijazaliwa. Nilimjua kwa picha moja tu, amevaa koti refu, mkononi rungu. Kwetu, mtoto akizaliwa, wanawake wazee humtia ugoro kidogo puani, huku wakiyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina litakalomfanya apige chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi, na mtoto huitwa kwa jina lake. Katika ukoo wetu hakuna mtoto hata mmoja mwenye jina la babu. Mimi mwanamume sijawahi kukaa kwenye kikao hicho. Nilidhani wamemsahau. Nilidhani Gogo hamtaji kwa sababu ya uchungu. Nikajiambia, zawadi yangu itarekebisha jambo hilo.

Nikafunga kibanda jioni moja, nikaanza kurekodi. Mara ya kwanza niliharakisha. Mara ya pili pikipiki ilipita. Ya tatu sauti ilitetemeka. Nikarudia, nikarudia, nikarudia. Mama Atieno, anayetoka upande wa ziwa na anayeuza viatu kibanda cha pili, akagonga mabati.

"Wewe! Hiyo redio unaiuza ama unaiposa? Umeita huyo mzee mpaka hata mimi namjua!"

Nikacheka, nikarudia tena. Ndipo mtu akapiga chafya.

"Afya!" Mama Atieno akasema. "Kunywa dawa, usituharibie Krismasi na homa yako."

"Si mimi, mama."

"Basi ni mimi? Mtu ako huko peke yake, na si yeye!"

Nilikuwa peke yangu. Nikaisikiliza rekodi. Sauti yangu, jina la babu, halafu chafya nzito ya mtu mzima, chafya ya mnusa ugoro. Unadhani niliacha? Rekodi nyingine zote zilikuwa na kasoro, na hii ndiyo ambayo sauti yangu ilitoka vizuri kuliko zote. Niliikata chafya, nikabakiza jina. Ndivyo nilivyo.

Redio nikaitia ndani ya boksi, nikaizungushia karatasi ya kung'aa, halafu utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, mvua isiingie. Kazi safi. Hata mimi nisingeweza kuifungua bila kisu.

Siku moja kabla ya Krismasi nikapanda kwenda nyumbani. Mwenye boda alinishusha kwenye banda la kupimia majani chai. "Boss, hapa ndio mwisho. Hiyo matope ikinishika, Krismasi nitakula hapo ndani." Nikashika njia ya mguu katikati ya majani chai. Ulikuwa mchana bado, lakini ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu yanaanguka, huoni mistari mitano ya michai mbele.

Boksi likaanza kuwa zito. Nikalihamisha bega. Likazidi, mpaka mgongo ukainama. Niamini, redio ile naweza kuibeba kwa mkono mmoja.

"Umenibeba vya kutosha," mtu akasema nyuma ya sikio langu. "Nishushe."

Nililiangusha. Nilipogeuka alikuwa amesimama njiani, mrefu, miguu mitupu, koti lake limekauka kabisa katika mvua ile. Alinuka ugoro. Uso ule niliufahamu kutoka kwenye picha.

"Yule mwanamke bado anafunga mlango kwa gogo la mti?" akaniuliza.

"Mwanamke gani, mzee?"

"Wangu. Si umeniita nyumbani? Twende."

Niligeuka nikimbie. Rungu likanipiga mgongoni, nikaanguka kifudifudi, mdomo ukajaa udongo. Hakuwa kivuli, sikiliza vizuri. Kilichonipiga kilikuwa na uzito. Akanipiga mbavuni, akanipiga nyonga, taratibu, kama mtu anayeifanya kazi aliyoizoea. Nikaokota jiwe nikampiga usoni kwa nguvu zangu zote. Lilimpasua shavu. Halikutoka damu, ulitoka ugoro, mkavu, ukamwagika kifuani mwake. Alicheka.

Ndipo redio ikajiwasha ndani ya boksi. "Arap Mosonik, karibu nyumbani." Sauti yangu mwenyewe, safi, isiyokwaruza. Shavu lake likajifunga. "Arap Mosonik, karibu nyumbani." Pigo lililofuata lilikuwa zito mara mbili.

Nikaelewa. Nikalirukia boksi, nikavuta utepe kwa kucha, kwa meno. Utepe haukuachia. Kucha mbili ziling'oka, na sauti yangu inaendelea kumwita. Akaja juu yangu, nikainua mkono wa kushoto kujikinga. Niliusikia mfupa ukivunjika kabla ya kuuhisi.

"Yeye pia hujikinga na mkono huo," akasema.

Mkono wa kushoto wa Gogo umepinda. Tangu utotoni niliambiwa alirushwa na ng'ombe.

Aliniacha hapo, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, kule moshi wa jikoni ulikotokea kwenye ukungu, huku akilizungusha rungu. Sikufikiri. Nilijiburuta, nikaushika mguu wake kwa mkono mzima. Akanipiga teke la mdomo, meno mawili yakaenda. Nikamshika tena. Akanikanyaga shingo akaweka uzito wake wote, nikaanza kuona giza, na nyuma yangu mimi mwenyewe namkaribisha nyumbani, tena na tena.

Gogo aliisikia sauti yangu. Alitoka na gambuti zake miguuni na jembe alilolishika njiani. Alipomwona hakupiga nduru. Alisimama tu, akawa mdogo kwa kitambo, kama msichana. Halafu akanyooka.

"Arap Mosonik," akasema, "hakuna mtoto tuliyekuita urudi kwake."

Babu akainua rungu. Gogo hakulitazama. Aliniuliza mimi, "Sauti inatoka wapi?" Nikaonyesha boksi kwa kidevu. Akalipiga jembe. Rungu likamshukia begani, akaanguka kwa goti moja, akapiga tena. Karatasi ya kung'aa ikapasuka. Babu akamshika kitambaa cha kichwa, akamvuta kichwa nyuma, akainua rungu juu ya uso wake. Gogo, bila kuona anapopiga, akashusha jembe mara ya tatu.

"Arap Mosonik, karibu nyum..."

Kilichoshuka juu ya uso wa Gogo kilikuwa maji ya mvua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ugoro tu juu ya majani chai, unaloa.

Njiani kwenda hospitali aliniambia, "Sema ni ng'ombe. Watakuamini. Mimi waliniamini." Halafu akanieleza, bila kulia. Kila mtoto alipozaliwa, wanawake wa ukoo walitaja majina ya wafu wote na kumruka mmoja. Walikubaliana hivyo siku alipozikwa. "Miaka yote hii tumemruka," alisema, "wewe ukamwita kwa mashine."

"Na tochi?" nikauliza.

"Siku zile nilikuwa nalala kwenye majani chai, nikimkimbia. Mpaka leo nikitoka nje gizani, nataka nimulike nione hakuna mtu."

Mfupa wangu uliunga vibaya, kama wake. Mtu akipiga chafya sokoni, jasho linanitoka. Mama Atieno haniambii tena "afya", amejua. Na wewe unayetafuta zawadi Disemba hii, usirekodi jina la marehemu kwenye simu, kwenye spika, wala kwenye kitu chochote kinachoweza kulitamka, mpaka uwaulize wanawake walioishi naye. Wakinyamaza, nyamaza nawe.

Siku hizi mteja akiniambia anamtafutia mama yake zawadi, simchagulii. Namuuliza mama mwenyewe aliomba nini, na hicho ndicho ninachomuuzia. Gogo ana tochi.