Ng'ombe wa Mahari

Mutugi alipopunguzwa kazini, kule alikokuwa fundi wa simu, hakukaa kulia. Alikodi chumba juu ya duka la mbegu karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru, akavuta laini ya simu, akaanza kuchezesha kamari ya mpira. Mtu alipiga simu, akataja timu na dau lake. Akishinda, alilipwa bila mizengwe, na kwa uaminifu huo jina la Mutugi likavuma hadi Embu. Wasio na pesa waliweka redio, baiskeli, hata cherehani. Mkewe, Kaari, hakuipenda kazi ile, lakini karo ya watoto ilikuwa inalipwa, naye akanyamaza.

Likaja Kombe la Dunia la mwaka tisini na nane. Siku ya fainali simu haikupumzika, na kila aliyepiga alitaka Brazili. Mutugi alitokwa jasho: Brazili ikishinda, angeuza mpaka mabati ya nyumba. Ufaransa ikashinda mabao matatu kwa nunge.

Kesho yake mji ulikuwa kama wenye matanga. Mutugi alikuwa tajiri, na hakuthubutu hata kupiga mluzi.

Wiki hiyohiyo lori liliteremsha ng'ombe wa maziwa mlangoni pake. Kaari akatoka na beseni la nguo, akamtazama yule ng'ombe mwenye baka jeupe begani.

"Huyu ametoka wapi?"

"Kanja kwenu, kwa kaka yako Njoka. Alipiga simu akamweka dau."

"Na wewe ukakubali?"

"Mama Kendi, nikimsamehe shemeji mmoja, kesho Meru nzima watakuwa shemeji zangu."

Kaari akaliweka beseni chini. "Huyu ni mtoto wa yule mtamba uliyempelekea baba uliponioa. Unajua mahari ikirudishwa maana yake ni nini?"

Mutugi alidhani ni hasira tu. Alipotoka kazini alikuta jiko limepoa. Kaari alikuwa amechukua watoto akaenda kwao.

Alijikaza. Akajaribu kumkamua ng'ombe mwenyewe, ng'ombe akaipiga ndoo teke. Mwishowe akakodi pikapu, akampeleka Kanja.

Baba mkwe wake, mzee Kivuti, alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Baba, nimemrudisha."

"Nimemwona. Njoka ni mjinga, na ujinga wake niachie mimi. Je, vitu vya wale wengine umevirudisha?"

Mutugi akainama.

"Mjibu baba," Kaari akasema kutoka jikoni.

Alirudi Meru peke yake. Cherehani akampelekea Veronicah, ambaye mumewe ndiye aliyeiweka dau. Mama huyo akaipokea bila kusema asante. Vingine vilikuwa vimeshauzwa, ikabidi avilipie, na wakajitokeza hata waliodai vitu ambavyo hawakuwa navyo kamwe. Faida ya fainali ikayeyuka. Akaacha chumba, akashika tena bisibisi.

Kaari alirudi nyumbani na watoto shule zilipofunguliwa Januari. Hakusema kwamba amesamehe.

Chumba kile kilichukuliwa na Munene, mmoja wa wateja wake wa zamani. Alimwendea Mutugi kwa heshima, akamwomba amvutie laini ya simu.

"Hiyo kazi sifanyi," Mutugi akamwambia.

Munene akatafuta fundi mwingine. Kufika Jumamosi, watu walikuwa wamepanga foleni kwenye ngazi.