Vifaranga Nyuma ya Kompyuta

Wajukuu wangu hunikataza kusimulia habari hii mbele ya wageni, lakini kwa vile nusu ya Busia ilikuwa imejibanza kwenye baraza yangu siku ile ikikwepa mvua, na nusu ya pili ilihadithiwa kabla jua halijatua, sioni ninamficha nani. Afadhali niseme mwenyewe, maana huko sokoni wanaongeza chumvi, na kuna mama mmoja wa upande wa Kenya anayeapa kwamba niliweka jogoo ndani ya kompyuta. Jogoo hakuwepo. Walikuwa vifaranga, na hawakuwa ndani, walikuwa nyuma.

Sasa sikilizeni. Mjukuu wangu Nafula (nimemlea tangu akinyonya kidole, msione leo anavaa suruali) alimaliza masomo ya kompyuta kule chuoni Busitema, akarudi akakaa nyumbani bila kazi mpaka majirani wakaanza kuniuliza kwa upole, ule upole wenye meno, kama kweli alikuwa anasoma huko au alikuwa anatembea tu. Bahati ikaja. Chama chetu cha wafuga kuku kikasema kinataka mtu wa kutunza habari za kuku wote kwenye kompyuta: boma gani lina kuku wangapi, wamechanjwa lini, ugonjwa umeonekana wapi, ili kuku wa Mwello wakianza kuinamisha shingo watu wa Osukuru wafunge wa kwao mapema. Kitu hicho Nafula anakiita databesi. Mimi nimekielewa hivi: ni kama yule mwanamke mmbea aliye katika kila kijiji, anayejua habari za kila nyumba, ila huyu haongezi yake.

Nafula akaitengeneza hiyo databesi miezi na miezi, akizunguka kwa boda na matope mpaka magotini kuuliza watu habari za kuku. Chama kilikuwa kimempa kompyuta ya mezani, ikakaa sebuleni kwangu, na mimi nikatangaza kanisani, kisimani, na kwa mwenye kusaga mahindi, kwamba ofisi ya chama sasa iko kwangu. Nilitangaza sana. Nilimtangazia hasa Mama Adikini, mwenyekiti wetu, kwa sababu alikuwa na mpwa wake, Barasa, fundi wa kompyuta huko Busia ya Kenya, naye aliitaka kazi hiyo hiyo. Basi kamati ikaamua: Jumamosi tunakuja kuona. Mashine ikifanya kazi, kazi ni ya Nafula. Ikikataa, tunamchukua Barasa.

Jumamosi ikaamka na mvua ile isiyokatika upesi, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Balbu ya banda la vifaranga vyangu ikaungua. Makaa yalikuwa yamelowa. Nikavikuta vimerundikana pembeni, vinatetemeka, vingine vimeanza kufumba macho, na anayefuga anajua kifaranga akifumba macho asubuhi, mchana unamzika. Nikavitia kwenye katoni ya sabuni, nikaingia navyo ndani nikitafuta pa kuviweka, na nilipopita karibu na meza ya Nafula nikasikia upepo wa joto kwenye vifundo vya miguu.

Kumbe ile kompyuta ina sanduku lake linalokaa chini sakafuni, na sanduku lile kwa nyuma linapumua hewa ya moto kama ng'ombe. Nafula alikuwa ameiwasha mapema akaenda kuoga. Nikasimama pale nikawaza, joto hili lote linamfaidi nani? Nyumbani kwangu hata majivu yana kazi. Nikaisukuma katoni ikabanana na mgongo wa sanduku, mdomo kwa mdomo, na naapa vifaranga vilinyamaza papo hapo kama watoto waliopewa ziwa.

Ningeishia hapo, labda leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikaona joto linatoroka pembeni, tena katoni ya sabuni mbele ya kamati ni aibu. Nikaenda sandukuni kwangu nikatoa kitambaa changu kikubwa cha kufuma, chekundu na cheupe (hata padri hajawahi kutandikiwa kile), nikakitandika mezani kikaanguka mpaka chini pande zote, na kwa nyuma nikakikunja nikakibana na tofali ili hewa isipite. Kikapendeza. Nikasema hii ndiyo ofisi.

Nafula alipotoka kuoga alikitazama, akaanza, "Jaja, hiki kitambaa..." (Jaja ni bibi, ndivyo anavyoniita) nikamkata hapo hapo nikamwambia nyumba hii haijawahi kuwa na meza uchi mbele ya wageni na haitaanza leo. Akainua kona ya mbele kidogo afikie kitufe chake, upande wa nyuma akauacha nilivyoupanga.

Kamati ikafika imelowa, Mama Adikini mbele na Barasa nyuma yake na mkoba wa bisibisi, kama daktari aliyeitwa kabla mtu hajaumwa. Baraza ikajaa wapita njia wa mvua, wengine wameingiza vichwa dirishani. Nikamimina chai. Nafula akaanza kuonyesha, anabonyeza jina la boma, kuku wanatokea kwenye skrini, na mimi nikamtazama Mama Adikini kwa jicho la pembeni nikaona anaitikia kwa kichwa, anaanza kukubali. Ndipo mashine ikaanza kunguruma. Kwanza kidogo, halafu kama kinu cha kusaga, halafu skrini ikawa nyeusi kimya.

Nafula akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekanyaga msumari. Akaangalia waya, akaangalia soketi, akahamisha plagi, akaiwasha. Ikawaka. Kabla haijafika kwenye kuku ikazima tena. Mara ya tatu haikufika hata kwenye picha. Dirishani mtu akauliza kama kuku wamekufa wote.

Barasa akasimama. Akasema hiyo ni virusi, halafu akabadilisha, diski imekufa, na dawa yake ni kufuta vyote na kuanza upya. Kufuta vyote! Matope ya mwaka mzima ya mtoto wangu. Nafula akamwambia ngoja, hatufuti kitu ambacho hatujakijua. Akageuka akatutazama watu wa nyumbani, akasema taratibu, kama alivyofundishwa:

"Jana ilifanya kazi siku nzima. Leo inazima. Nini kimebadilika tangu jana?"

Akanitazama mimi. Mama Adikini naye akanitazama. Na mimi ninayejua kusema, mimi niliyetangaza kwa mwenye kusaga mahindi, nikafunga khanga yangu vizuri nikasema, "Hakuna kitu."

Sijui kwa nini. Najua. Sikutaka yule mama aone katoni ya sabuni. Tena kwa kweli wakati ule sikuwa nimejumlisha, nilidhani mashine ina ugonjwa wake na vifaranga vina baridi yao, habari mbili tofauti. Lakini niliulizwa kilichobadilika, na nilikijua, na nilikikalia.

Nafula akaniamini. Hapo ndipo paliponiuma baadaye. Akainamisha kichwa akaiambia kamati kwamba kama nyumbani hakuna kilichobadilika, basi labda kosa liko kwenye kazi yake mwenyewe. Barasa akatoa bisibisi.

Akapiga magoti mbele ya meza, mara akainua kidole. Akasema, "Mnasikia hiyo? Inalia. Mashine hulia hivyo RAM ikiharibika." Akatueleza kwamba RAM ni akili ya karibu ya mashine, ile ya kukumbuka unachofanya sasa hivi, na kwamba fundi mzuri husikiliza milio na kujua ugonjwa. Akasikiliza. Tukasikiliza wote, mpaka wale wa dirishani. Piyo. Piyo piyo. Barasa akasema hii ni mbaya, zimekufa zote.

Mama Adikini akaweka kikombe chini. Amefuga kuku tangu kabla sijaolewa.

"Barasa, mashine imezimika. Inalia kwa umeme gani?"

Nafula akainuka. Alizunguka nyuma, akaondoa tofali, akavuta kitambaa changu chekundu na cheupe, na katoni iliyokuwa imelainika kwa joto ikaachia upande mmoja. Vikatoka. Vilikuwa na afya, lazima niseme, sijawahi kuona vifaranga vyenye nguvu vile, vikasambaa chini ya viti, vikapanda juu ya miguu ya kamati, na kimoja kikafanya haja yake kwenye kiatu cha Barasa kikaendelea na safari. Baraza nzima ilikuwa inalia kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka kwenye tope, nikafurahi.

Nafula akaweka mkono juu ya sanduku akautoa haraka. Kisha akanitazama, hakupandisha sauti.

"Jaja, nilikuuliza."

Mimi nimezikwa na aibu nyingi katika maisha yangu, lakini hiyo ilikuwa na udongo wake. Nikapiga magoti mbele ya watu wote nikaanza kukusanya vifaranga, maana hata mwenye aibu hawezi kuacha vikanyagwe.

Wakaisogeza mashine karibu na mlango ipate hewa, kumbe nilikuwa nimeiziba pumzi. Barasa (si mtu mbaya, alicheka kuliko wote alipomaliza kupangusa kiatu) akamsaidia Nafula kuifungua ubavu, wakapuliza vumbi na manyoya, wakangoja ipoe, tukanywa chai nyingine iliyokuwa chungu kwangu peke yangu. Walipoiwasha ikawaka, ikakaa. Kuku wote wa Mwello na Osukuru walikuwepo, hakuna aliyepotea.

Mama Adikini akaangalia kamati, kamati ikamwangalia. Akasema, "Kazi ni ya Nafula. Lakini kompyuta hii hailali kwa huyu mama."

Mvua ilipokatika wakaifunga kwenye turubai, wakaipeleka kwa mwenyekiti, mbele ya watu wale wale niliowatangazia ofisi. Sasa Nafula anaamka asubuhi anakwenda kazini huko, na mimi nabaki na meza nimeitandika vizuri, haina kitu juu.

Basi ninyi wenye mashine, msiniulize mimi habari za virusi na RAM, muulizeni Nafula. Langu ni hili moja. Siku mashine ikikataa na mtu akauliza kilichobadilika tangu jana, na ukijua ni wewe, sema. Sema hata kama mwenyekiti amekaa hapo na chai yako mkononi. Usingoje jibu litoke chini ya meza kwa miguu yake lenyewe.