Lakteti ya Mkata Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja ya serikali kule Kajiado, niliambiwa nimfuate mkuu wa maabara wodini hata kabla sijaonyeshwa meza yangu. Nilikuwa kijana mgeni kutoka Bungoma, sijui neno hata moja la Kimaasai. Kitandani alilala mama aliyeletwa kutoka Mashuuru, akivuta pumzi ndefu na nzito kama mtu aliyetoka kukimbia. Alikuwa akitibiwa nimonia. Mkuu aliinama karibu na uso wake, akanusa, akaniambia na mimi ninuse. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi.

“Hii si kifua, Wafula,” alisema. “Hii ni ketoni. Leta mkojo.”

Ketoni ni tindikali zinazojaa kwenye damu mwili unaposhindwa kutumia sukari na kuanza kuyeyusha mafuta yake. Siku hizo tulichanganya mkojo na chumvi za maabara, tukadondosha amonia polepole juu yake, tukasubiri pete ya zambarau. Ya yule mama ilikolea kama wino. Akawekewa maji na insulini, na baada ya siku mbili aliketi akaomba uji. Mimi nikaipenda kazi hii tangu hapo. Niliona kwamba mwili unaweza kusema kwa damu na mkojo jambo ambalo mgonjwa mwenyewe hana nguvu ya kulisema.

Mkuu yule alikuwa mtu mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinifundisha kusafisha vioo, kuweka rejista, na kuogopa kosa. “Namba ikikushangaza,” alizoea kusema, “rudia kwanza. Usimpelekee daktari namba ya uongo.” Nilibeba maneno hayo miaka yote, kutoka Kajiado hadi nilipohamishiwa Kitengela, mji ulipokuwa umeanza kujaa watu na sisi wapangaji tukinunua viploti na kujenga.

Huko Kitengela ndiko nilikokutana na mashine ya lakteti. Lakteti ni kitu ambacho mwili hutengeneza sehemu zake zinapokosa hewa au damu ya kutosha. Kwa mtu mwenye afya haizidi mbili. Ikipanda, mara nyingi mwili unazama ndani kwa ndani, hata kama presha bado ni nzuri na mgonjwa anaongea. Lakini ni kipimo chenye visirani. Ukimfunga mgonjwa kamba ya mkono ya kutolea damu kwa muda mrefu, inapanda. Ukichelewesha damu bila barafu, inapanda. Kwa hivyo wengi wetu hatukuiamini sana.

Asubuhi moja aliletwa mkata mawe kutoka machimbo ya karibu. Jiwe lilikuwa limemkata mguu wiki iliyopita, na kidonda kilikuwa kimevimba. Nilimfahamu. Mawe ya nyumba yangu aliyakata yeye. Nilipopita wodini nikamwona ameketi kitandani, anatetemeka kidogo lakini anacheka.

“Mzee wa maabara!” aliniita. “Hii nyumba yako haijaanguka bado?”

“Imesimama,” nikamjibu. “Wewe ndio umeanguka.”

Akacheka tena. Nikaenda zangu. Baada ya muda mfupi damu yake iliingia kwenye mashine, na mashine ikatoa saba.

Nilisimama nikiitazama ile namba. Nilikuwa nimetoka kumwona mtu huyu akinitania. Nikamuuliza fundi mwenzangu, Mercy, aliyetoa damu, kama alikaza kamba kwa muda mrefu.

“Sidhani,” alisema. “Lakini mshipa ulinisumbua kidogo. Nimpigie daktari?”

“Ngoja,” nikasema. “Katoe ingine, bila kamba. Uweke barafu.”

Barafu haikuwepo, ilibidi iletwe kutoka jikoni. Mashine nayo ikataka kusawazishwa kabla ya kupima tena. Saa moja na zaidi ikapita. Namba ya pili ilikuwa tisa. Nikaacha kila kitu nikakimbia wodini mwenyewe. Nilipofika, sista alikuwa ameinama juu yake akitafuta presha, na yule mtu hakunitambua. Maambukizi ya mguu yalikuwa yameingia kwenye damu. Walimmiminia maji na dawa, wakampeleka hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Alifariki kesho yake, mchana.

Msimamizi wetu alinikuta na rejista mbele yangu. Alisoma, akafunga mlango.

“Andika hii ya pili pekee,” alisema kwa sauti ya upole. “Ya kwanza ulikuwa na shaka nayo. Hakuna mtu atakulaumu.”

“Nilikuwa na shaka, bosi, lakini ilikuwa ya kweli.”

“Wafula, uko na familia.”

“Hata yeye alikuwa nayo.”

Nikaandika zote mbili, na saa ya kila moja. Nikatia sahihi chini yake.

Mke wa mkata mawe, Mama Simaloi, alikuja kuchukua karatasi zake. Alinikuta nje ya maabara. Aliniuliza swali moja tu: “Mlijua saa ngapi?”

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia namba ya kwanza ilitoka saa nne, na mimi ndiye niliyesema tungoje. Hakulia mbele yangu.

“Alikuona ukipita,” alisema. “Akaniambia, sasa niko sawa, mzee wetu ako hapa.”

Kisha akaondoka. Nimesikia maneno mengi katika kazi hii, lakini hayo ndiyo ninayolala nayo.

Baadaye tulibadilisha utaratibu. Namba ya hatari ikitoka, unapiga simu wodini kwanza, kisha unarudia. Mercy ndiye aliyeibandika karatasi hiyo ukutani. Kuna waliopona kwa sababu ya simu hiyo, nami nashukuru, lakini sijawahi kuwahesabu dhidi ya yule mmoja. Hesabu hiyo haifanyiki.

Nilipostaafu, nilienda kwa Mama Simaloi. Sikujua nitasema nini. Nilimsalimu kwa Kimaasai changu kibovu, akanikaribisha chai ya maziwa. Nikamwambia nimemaliza kazi, na kwamba vijana wanaoanza huwa nawasimulia kisa cha mume wake ili wasirudie kosa langu.

“Na huwa unamwitaje?” aliuliza.

“Nasema mkata mawe. Sheria zetu haziruhusu kutaja jina la mgonjwa.”

Aliweka birika chini.

“Hizo sheria ni za hospitali,” alisema. “Mimi ndio mke wake, na nimekuruhusu. Aliitwa Lemayian. Ukiwaambia, anza na jina.”

Nilimwahidi. Leo ninaandika haya na nimeona nimefika mwisho bila kufanya alivyoniambia, kwa sababu mazoea ya miaka mingi hayatoki haraka. Lemayian, mume wa Mama Simaloi, alikuwa mzima kabisa wiki mbili kabla, na namba yake ya kwanza ilikuwa ya kweli.