Matairi ya Kubebea Bibi

Mkwe wangu ni mwoka mikate, na maneno anayatoa kwa kupima, kama hamira. Ukimwuliza habari za nyumbani, nzuri. Za kazini, nzuri. Siku binti yangu alipojifungua, huyu bwana alitoka wodini machozi yanamtiririka, nikamkamata mkono roho yangu iko juu, "Vipi huko ndani?" Akanijibu, "Nzuri, mama." Nusura nimzabe kibao.

Ndiye anayenipeleka kliniki kila Alhamisi, kwa ajili ya goti. Nimeshona sare za shule miaka nenda miaka rudi, mpaka goti la kukanyagia cherehani likaomba kustaafu kabla yangu. Tunakwenda kwa kigari chake chekundu chenye mlango mmoja wa bluu. Anaendesha kwa adabu, mikono miwili kwenye usukani, utadhani kiti cha nyuma kimewekwa keki ya harusi. Watu wa baiskeli wanatupita, wengine wanatupungia na mkono. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia mumewe Jumapili anashinda uwanja wa mbio za magari, nilimwonea huruma.

"Anakwenda kuangalia?"

"Anakimbia, mama. Wenzake wanamwita Unga, maana anafika huko na unga wa kazini kichwani."

"Kichwa kile kinashika hata unga?"

Jamani, sisengenyi. Mkwe wangu ana kipara kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Basi nikaelezwa. Huko uwanjani mtu analipa kiingilio, anaingia na gari lilelile la kwendea kazini, anazunguka kwa kasi anayoweza yeye na roho yake. Zawadi hakuna, ni sifa tu. Na mkwe wangu, yule yule wa "nzuri, mama", alikuwa anamwacha nyuma kinyozi wa mtaani kwetu kila Jumapili. Nilicheka kwa wiki nzima. Nikipita jikoni nikimkuta anakula, namwambia, "Taratibu baba, usije ukapigwa faini." Yeye anainama kwenye sahani, masikio yanamcheza.

Kicheko kiliniisha Alhamisi moja ya mvua.

Tulikuwa tunaingia kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko. Hatukuwa na kasi, nasema kweli, nilikuwa nasoma mabango. Mara gari likateleza. Mkwe wangu anakata usukani huku, gari linakwenda kule, na tuliposimama tulikuwa tumeangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Ila mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania ule mshikio wa juu ya mlango, ukagoma kuachia. Ilibidi nesi wa kliniki aje anibandue kidole kimoja kimoja.

Baba wa binti yangu alifia kwenye barabara yenye maji. Tairi lilikuwa limekwisha, na sote tulikuwa tunajua limekwisha. Tangu hapo, mvua ikinyesha nikiwa garini, nashika mshikio mpaka nishuke. Sikuwahi kumwambia mkwe wangu. Binti yangu anajua.

Jioni ile alituweka sebuleni wote wawili kama watoto waliovunja kioo. "Mama, wewe ndiye unayepanda. Neno ni lako. Ukisema gari liuzwe, litauzwa, na mambo ya uwanjani yatakuwa yamekwisha."

Nikamtazama mkwe wangu. Rangi ilimtoka usoni. Kumbe mtu anaweza kupenda kitu kiasi kile na bado akajibu nzuri tu.

"Kwanza nione matairi," nikasema.

Tukatoka na tochi. Nikapitisha kiganja. Laini kama kitasa cha mlango.

"Ala! Si vipara hivi?"

"Ndiyo, mama," akasema. Kisha, ajabu, akaendelea. "Uwanjani wale wakubwa wote wanatumia vipara. Ndivyo vinavyoshika. Nikaulizia bei, sikuiweza. Halafu nikaona haya yangu yanaelekea hukohuko yenyewe. Nikayaacha."

Binti yangu alikaa chini pale pale kwenye zege. Mimi sikujua nicheke au nilie. Mtu mzima, baba wa familia, anasubiri matairi yake yafuzu!

Kesho yake tukamsindikiza dukani kama mgonjwa. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alipomaliza kucheka, alijifuta macho kwa kanga na kumwelimisha.

"Kaka yangu, kuna kipara na kipara. Kipara cha mbio kinazaliwa hivyo. Mpira wake laini, ukipata moto unanata. Na chenyewe ni cha pakavu tu, barabarani hata hakiruhusiwi. Chako wewe kilikuwa na mifereji yake ikaisha. Huo ni uzee."

Binti yangu akaangalia kichwa cha mumewe, akaziba mdomo.

Mkwe wangu akaenda kwenye rundo la mitumba. Hapo nikamuunga mkono, maana mitumba nimeivaa maisha yangu yote na sijafa. Mwenye duka akamwonyesha namba nne ubavuni mwa tairi moja lililoonekana jipya kabisa. "Hizi zinakwambia wiki na mwaka lilipotengenezwa. Hili limekaa mpaka mpira umekauka. Linameremeta, lakini halishiki kitu." Nikamvuta mkwe wangu kutoka kwenye rundo. Gauni la mtumba likikuchanikia njiani unabaki na aibu tu.

Mwishowe yakabaki ya aina mbili, bei karibu sawa, zote za mfuko wetu. Ya kwanza yalikuwa na mpira laini na mifereji michache. "Uwanjani pakiwa pakavu, utawafunga wote," alisema mwenye duka. "Kwenye mvua, nenda taratibu na umwombe Mungu. Na kwa mizunguko yako ya kila siku, yatakwisha mapema." Ya pili yalikuwa na mifereji ya kina, ubavu mgumu usioyumba kwenye kona. "Haya yanakata maji. Uwanjani yatakubeba vizuri, ila utakuwa nyuma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" mkwe wangu akauliza. Swali refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwuliza mtu baki.

"Kiasi cha kuchekwa."

Akasimama katikati ya rundo na rundo. Mkono wake ulikuwa juu ya yale laini, unayapapasa kama unga uliokandwa ukaumuka vizuri. Kisha akanigeukia. "Mama, unasemaje?"

Mimi nina roho mbaya wakati mwingine. Nikamwambia, "Mimi sijui matairi. Chagua mwenyewe. Alhamisi nitaangalia kama napanda."

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Alipomaliza kufungiwa, nilikagua gari lote sikuambulia kitu. Kwangu mimi tairi jipya ni duara jeusi. Binti yangu alikuwa amekwenda kununua sabuni, naye hakuona. "Umechukua yapi?" nikamwuliza.

"Mazuri, mama."

Jumapili nikasema nakwenda uwanjani nikajionee. Walinipa kiti cha plastiki kwenye uzio. Jua kali, lami imekauka inachoma. Nikakiona kigari chetu chekundu kinajipanga karibu na gari la kinyozi, na ndani yake mtu nisiyemjua: amekaza taya, macho mbele, mabega yamelegea kama mtu aliyefika nyumbani. Bendera ikashushwa. Loo! Mkwe wangu alikwenda kwenye kona ya kwanza kama amesahau anaogopa watu. Nikajikuta nimesimama na goti langu bovu, napiga kelele, "Kaza! Kaza, mwanangu!"

Lakini kinyozi akampita. Kona moja akampita, iliyofuata akamwacha, na mzunguko wa mwisho alikuwa mbali kiasi cha kuchekwa. Waliposhuka, kinyozi akazunguka gari letu, akachuchumaa kwenye tairi, kisha akaita watu.

"Njooni muone! Kumbe kanikabidhi ushindi mwenyewe. Unga, haya si ni matairi ya kubebea bibi?"

Watu wakavunjika mbavu. Mkwe wangu akatoa kitambaa, akajifuta kipara chake polepole, akarudisha kitambaa mfukoni.

"Ndiyo," akasema. "Nina bibi."

Hakujua nimesogea, niko nyuma yake. Ukoo wetu hatuachi mtu aondoke hivi hivi, kwa hiyo nikamwambia kinyozi, "Bibi ni wewe na mkasi wako." Akageuka, akakosa pa kuficha uso, akaanza kunipa shikamoo mfululizo.

Alhamisi ikanyesha. Na si kunyesha, ilimwagika. Nikapanda, nikafunga mkanda, nikaupokea mfuko wa mikate anayowapelekea manesi. Tulipofika kwenye ule mzunguko wa karibu na soko, mtu wa mkokoteni akakatiza mbele yetu, kichwa kimefunikwa gunia, haoni hili wala lile. Mkwe wangu akakanyaga breki. Gari likasimama. Halikuteleza, halikugeuka, lilisimama tu, limenyooka, na mkokoteni ukapita na vitunguu vyake.

"Yameshika," mkwe wangu akasema.

"Nimeona, baba."

Nilitaka kuubandua mkono wangu kwenye mshikio, nikautazama. Haukuwa kule juu. Mikono yote miwili ilikuwa mapajani, imekumbatia mfuko wa mikate ya moto, na sikujua iliteremka saa ngapi.

Jioni binti yangu akanishika sebuleni. "Haya mama, sijasahau. Gari liuzwe au lisiuzwe?"

"Liuzwe, halafu Jumapili nikamwone vipi kinyozi akifungwa?"

"Atamfungaje? Si umesema kaachwa mbali?"

"Siku ile palikuwa pakavu," nikamwambia.

Mlangoni mkwe wangu alikuwa amesimama na vikombe vya chai, na kwa mara ya kwanza tangu aoe kwangu nikayaona meno yake yote.

Basi siku hizi Jumapili naamka kabla ya wote. Nafungua dirisha, natoa kichwa, natafuta mawingu. Mimi, mjane wa barabara yenye maji, nasimama pale na goti langu, namwomba Mungu anyeshe mvua.