Moyo wa Mbuzi wa Krismasi

Leo asubuhi tumebabua mbuzi nyuma ya jikoni, na harufu ya manyoya yanayoungua imenirudisha kwenye Krismasi moja ya utotoni, hapa hapa Kamuli.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi. Alituita mimi na mdogo wangu wa kike, akaushika moyo wa mbuzi juu ya jani la mgomba, bado una joto. Akagusa upande wa kulia.

“Damu ikitoka huku inaenda wapi?”

Nilikimbilia kujibu, maana mkubwa ni mimi. “Mwilini, baba.”

“Mapafuni kwanza,” mdogo wangu akasema taratibu. “Ikishapata hewa inarudi kushoto, ndipo isukumwe mwilini.”

Baba alicheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kumchekesha. Akamimina maji kwenye mshipa mkubwa kwa kibuyu chake cha kunywea rubisi, pombe ya ndizi; maji yakasimama, hayakurudi ndani. “Unaona, vilango vimejifunga,” akamwambia yeye, kana kwamba mimi sipo. Kisha ule moyo, ambao kwetu huliwa na baba peke yake, akauchoma akampa wote. Nilisema sina njaa.

Mchana huu mdogo wangu, siku hizi daktari, amefika kutoka mjini. Baba siku hizi hafiki hata migombani bila kunishika bega. Lakini alipoamkiwa naye tu, alipandisha mkono wa shati, akamnyooshea yeye ampime mapigo.

Nikaingia jikoni. Moyo ulikuwa umeshaiva. Nikaula wote, nimesimama.